Hisa za Afya na Mstari wa Siku 200: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimerudia jambo moja. Msomaji amefungua chati ya kampuni ya dawa au ya bima ya afya ya Marekani, ameona bei imezama chini ya mstari wa wastani wa muda mrefu, na anataka kujua kama huo ndio wakati wa kununua. Nimechagua maswali sita, na nimeyafupisha pale yalipokuwa marefu.

Mstari wa wastani wa siku 200 hupatikanaje, na unaniambia nini kuhusu thamani ya hisa? (Morogoro)

Ni hesabu ya shule ya msingi. Unachukua bei za kufungia za siku 200 za mwisho ambazo soko lilikuwa wazi, unazijumlisha, kisha unagawanya kwa 200. Kesho unaingiza bei ya kesho na kuitoa ile ya zamani kuliko zote, na ndiyo maana unaitwa wastani unaosogea. Kwa kuwa soko hufunguliwa siku tano kwa juma, siku 200 ni majuma 40 hivi, yaani zaidi kidogo ya miezi tisa. Wanaotazama mbali zaidi hutumia wastani wa majuma 200, ambao unakaribia miaka minne.

Kuhusu thamani, mstari huo haukuambii chochote moja kwa moja, kwa sababu ndani yake mna bei peke yake: hamna faida, deni, wala dawa iliyo kwenye majaribio. Anayejua wastani wa bei ya kitunguu kwa mwaka mzima amejua wanunuzi na wauzaji walikubaliana kiasi gani, lakini bado hajalifungua gunia la leo.

Hisa yangu iko asilimia 25 chini ya wastani wake. Hilo si punguzo? (Nairobi)

Tufanye hesabu pamoja. Hisa inauzwa dola 50, nayo inashuka senti 10 kila siku bila kupumzika. Baada ya siku 200 imefika dola 30, na wastani wa siku hizo zote ni takriban dola 40, hivyo bei iko asilimia 25 chini ya mstari, kama hisa yako. Siku 100 baadaye bei ni dola 20, wastani ni dola 30, na sasa pengo limefika asilimia 33. Kadiri hisa inavyozidi kumtia hasara mwenye nayo, ndivyo punguzo linavyoonekana kunona. Wastani huo, kwa mwendo ulionyooka namna hii, huwa unakuonyesha bei ya siku 100 zilizopita.

Nalisema hili nikiwa nimeumwa. Niliwahi kununua hisa za kampuni moja ya hospitali, ambayo sitaitaja, kwa sababu tu ilikuwa chini ya mstari niliouchora mwenyewe kwa penseli kwenye daftari la mraba. Niliongeza mara mbili kila pengo lilipopanuka. Daftari ninalo mpaka leo.

Kwa nini unasisitiza kwamba hisa za dawa ni tofauti na za saruji au benki? (Dar es Salaam)

Kwa sababu faida ya kampuni ya dawa mara nyingi ina tarehe ya kwisha, na tarehe hiyo imeandikwa. Hataza ya dawa, yaani haki ya kisheria ya kuiuza peke yako, hudumu miaka 20 tangu ilipoombwa, na sehemu kubwa ya muda huo huliwa na majaribio kabla ya kidonge cha kwanza kuuzwa. Ikikoma, dawa za kunakili huingia sokoni kwa bei ya chini. Wastani wa bei unatazama nyuma, kwenye miaka ambayo hataza ilikuwa hai, na hauna njia ya kujua kwamba mbele kuna shimo.

Pfizer ni mfano mzuri, ingawa shimo lake la karibuni lilichimbwa na kupungua kwa mahitaji, si na hataza. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilipata mapato ya dola bilioni 100.3. Kati ya hizo, chanjo ya Comirnaty ilileta bilioni 37.8 na dawa ya Paxlovid bilioni 18.9, kwa hiyo zaidi ya nusu ya mapato ilitokana na UVIKO-19. Faida iliyorekebishwa, yaani ile ambayo kampuni huihesabu baada ya kuondoa baadhi ya gharama, ilikuwa dola 6.58 kwa kila hisa, na hisa ilifunga mwaka ikiuzwa karibu dola 51, yaani chini ya mara nane ya faida hiyo. Mwaka uliofuata bidhaa hizo mbili zilileta takriban bilioni 12.5 kwa pamoja, mapato yote yakashuka hadi bilioni 58.5, na faida iliyorekebishwa ikawa dola 1.84. Hisa ilimaliza mwaka 2023 ikiwa karibu dola 29, mbali sana chini ya wastani wake wa muda mrefu.

Aliyetazama mstari aliona punguzo kubwa, ilhali aliyegawanya bei kwa faida aliona hisa iliyotoka chini ya mara nane na kufika karibu mara 16, yaani hisa iliyoshuka bei huku ikizidi kuwa ghali. Hata huyu wa pili alipaswa kuwa na tahadhari, kwa kuwa faida ya 2023 nayo haikuwa ya kawaida: ilibeba gharama za kufuta bidhaa za UVIKO zilizokosa mnunuzi, na mwaka 2024 ilipanda hadi dola 3.11. Kwa maoni yangu, mwaka 2022 na mwaka 2023 yote miwili ilikuwa vipimo vibovu, na mwekezaji mwangalifu angekaa katikati yake. Hata hivyo hisa ilimaliza 2024 ikiwa chini zaidi, karibu dola 26.50, kwa sababu soko lilikuwa tayari linazihesabu hataza za dawa zake Ibrance na Eliquis zinazokoma Marekani kabla ya muongo huu kwisha.

Sitaki msomaji adhani kila hataza ni msiba. AbbVie iliuza Humira ya dola bilioni 21.2 mwaka 2022, na Januari 2023 dawa zinazofanana nayo zikaingia soko la Marekani. Kufikia 2024 Humira ilikuwa imeshuka hadi karibu bilioni 9, lakini Skyrizi na Rinvoq, za kampuni hiyohiyo, zilileta zaidi ya bilioni 17 mwaka huo. Hisa haikuporomoka. Mstari wa wastani haukuweza kuzitofautisha Pfizer na AbbVie. Ripoti ya mwaka, pale inapoorodhesha mauzo ya kila dawa, iliweza.

UnitedHealth ni bima, haina hataza. Imeshuka zaidi ya nusu mwaka 2025, na Buffett amenunua. Bado unasitasita? (Muscat)

Nasitasita kwa sababu ya hesabu, wala si kwa kumdharau mzee. Katikati ya Aprili 2025 hisa hiyo ilikuwa karibu dola 585, na kampuni ilikuwa ikitarajia faida iliyorekebishwa ya kati ya dola 29.50 na 30 kwa kila hisa. Mnunuzi alilipa takriban mara 20 ya faida. Tarehe 17 Aprili makadirio yalipunguzwa kwa sababu gharama za matibabu zilipanda kuliko ilivyotarajiwa, na hisa ikapoteza zaidi ya asilimia 20 siku hiyohiyo. Mwezi Mei makadirio yaliondolewa kabisa na mtendaji mkuu akang'atuka. Tarehe 29 Julai kampuni ilitoa makadirio mapya ya angalau dola 16, hisa ikiwa karibu dola 260.

Gawanya 260 kwa 16: ni zaidi kidogo ya mara 16. Bei ilikuwa imeshuka kwa asilimia 55 hivi, lakini ukiipima kwa faida, punguzo halisi lilikuwa chini ya asilimia 20. Sehemu kubwa ya anguko ilikuwa ni soko kufuata faida iliyokwisha kupotea.

Ama Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji aliyoijenga Buffett, hisa zake milioni tano na ushei za UnitedHealth zilitangazwa Agosti, ila ni zile ilizokuwa nazo mwisho wa Juni, kabla ya habari ya 29 Julai. Kwa mfuko wake, kiasi hicho ni chumvi ya mboga. Kwako huenda ni akiba ya ada ya mtoto.

Chati yangu inaonyesha Abbott iliporomoka kwa nusu mwanzoni mwa 2013, na mstari wa wastani ukaharibika. Nini kilitokea? (Mombasa)

Hakuna aliyepoteza kitu. Siku hizo Abbott ilitenga biashara yake ya dawa za utafiti kuwa kampuni huru, AbbVie, na kila mwenye hisa moja ya Abbott alipewa moja ya AbbVie. Hisa iliyofunga 2012 ikiwa dola 65 na ushei ikaanza mwaka mpya ikiwa na nusu ya bei hiyo, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa imehamia kwenye karatasi ya pili. Programu yako inatumia bei ghafi. Tafuta mahali pa kuchagua bei zilizorekebishwa, kisha angalia kama marekebisho hayo yanahusu mgawanyo wa hisa pekee au yanaingiza na magawio, kwa kuwa mistari miwili ya namna hiyo kwa hisa inayolipa gawio kubwa inaweza kuachana sana katika miaka minne.

Basi wewe mwenyewe unautumia vipi wastani huo? Na je, naweza kuutumia kwa TOL pale Soko la Hisa la Dar es Salaam? (Tanga)

Naanza na mstari ili nijue mahali pa kuchimba. Bei ikikaa chini ya wastani wa majuma 200, naandika kwenye karatasi faida ambayo nadhani kampuni huipata katika mwaka wa kawaida, kisha naizidisha kwa wastani wa uwiano wa bei na faida wa miaka kumi iliyopita. Tuseme faida ni dola 4 na uwiano ni mara 15: napata dola 60. Hapo natafuta dawa ambazo hataza zake zinakoma ndani ya miaka mitano. Mwaka 2024 Keytruda peke yake ilikuwa karibu asilimia 46 ya mauzo ya Merck, na ulinzi wake mkuu Marekani unakoma 2028, kwa hiyo si jambo la nadharia. Kama kwenye mfano wangu dawa moja inaleta theluthi ya faida, naiondoa, nabaki na dola 2.70 hivi, na thamani inakuwa dola 40. Ikiwa hisa inauzwa 45 na mstari uko 62, chati itanionyesha punguzo la asilimia 27, nami nitaiacha. Naiondoa dawa yote ingawa najua baadhi ya mauzo yatabaki. Huo ni ukali wa makusudi, na wapo wanaoona umezidi.

TOL, kampuni ya gesi, ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa Dar es Salaam, mwaka 1998, na oksijeni ya hospitali ni sehemu ya biashara yake, hivyo naielewa hamu yako, kama ninavyoielewa ya wale wanaoulizia BOC, nayo ya gesi, pale Nairobi. Lakini wastani unahitaji bei mpya kila siku, na hisa hizi zina siku nyingi ambazo hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Mstari ulionyooka kama uzi hapo ni bei moja ya zamani iliyorudiwa. Kabla ya kuupima umbali wa bei na mstari, muulize dalali wako ni hisa ngapi zilibadilisha mikono mwezi uliopita, na kama ungetaka kuuza zako zote kesho, nani angezinunua.