Re: Nimtandikie leopard gecko maranda au mchanga?

Mkuu, kwa huyo leopard gecko (mjusi wa kufugwa mwenye madoadoa) maranda ya kuku achana nayo kabisa, hasa ya msonobari na mwerezi, ile harufu unayoiona tamu ndo mafuta yanayomsumbua mapafu na yeye pua iko chini muda wote. Mchanga wa kalisiamu nao wanaokwambia hauna shida hata akiula usiwasikilize, akirukia mende anabugia na mchanga, unaganda tumboni anashindwa kunya. Kama bado mdogo tandika tishu za jikoni tu, haipendezi kwa picha ila kinyesi unakiona chap kama kina shida. Akikua weka vigae vyenye mkwaruzo, vinashika joto freshi. Pembeni weka kiboksi chenye tishu yenye unyevu cha kujivulia ngozi, alafu cheki vidole, ngozi ya zamani hung'ang'ania hapo inazuia damu kufika mpaka kidole kinadondoka.