Mawazo yanaleta mafua kweli?

SWALI: Shikamoo dokta, mi nauza mitumba Kiborloni hapa Moshi, tangu marejesho ya kikoba yaanze kunibana yani kila mwezi mafua, wifi anasema ni mawazo, mi nasema ni baridi ya mlimani. Nani kapatia?

JIBU: Marahaba mama. Wifi kapatia zaidi, ila mawazo peke yake hayaleti mafua, lazima kirusi kiingie. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Marekani Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti wao, watu 394 wazima waliwekewa matone yenye virusi puani (walijitolea wenyewe, usishangae!) na wenye stresi nyingi ndo waliougua zaidi. Iko hivi, ukibanwa na mawazo, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga kotisoli, homoni inayotuliza uvimbe mwilini, sasa stresi ikikaa miezi na miezi chembe za kinga zinaizoea, haziisikii tena, ndo pua inavimba na kamasi haziishi, hilo Cohen alilionyesha 2012. Ongea na wenzako wa kikoba wakupangie marejesho upya. Alafu yale marobota yana vumbi, kama pua inawasha na homa huna, inaweza kuwa aleji, kaonane na daktari.