Uliza Ujibiwe: Uwanja wa gofu wachezaji wakipungua

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja, uwanja unatunzwaje msimu wa watu wachache. Wengine mnaandika mko kwenye baridi na theluji, wengine mvua haikatiki, na wengine msimu wenu mbaya ni jua kali, na hilo lipo kabisa, hata Augusta National, ile klabu maarufu ya gofu kule Marekani, hufungwa miezi ya joto halafu wanamwaga mbegu za raigrasi, nyasi zinazopenda ubaridi, juu ya Bermuda, nyasi zinazopenda joto, kabla watu hawajarudi. Kwa hiyo hapa nikisema msimu wa mapumziko namaanisha ile miezi ambayo nyasi zako hazikui vizuri, kalenda we mwenyewe unaijua.

Shikamoo fundi. Nimekabidhiwa uwanja wa mashimo 9 mwaka huu. Mzee niliyempokea kazi kaniambia msimu huu ninyanyue kisu cha mashine kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo la bendera, nikanyanyua, sasa wanachama wananisema mpira hautembei. Nisimame wapi? – Mkata Nyasi Mpya

Marahaba mwanangu. Simama na mzee wako. Jani ndo jiko la mmea, chakula chote cha mzizi kinapikwa pale juu, sasa msimu jua ni dogo au mawingu yamefunga siku nzima we ukaendelea kukata milimita 3 kama siku za mashindano, mmea unapika kidogo na unakula akiba yake, na akiba ikiisha mzizi unafupika. Nyanyua mpaka 4.5 au 5, pole pole, robo ya milimita kila mara, na siku nyasi hazijakua usikate kabisa hata kama ratiba inasema leo ni siku ya kukata. Wanachama wanaotaka mpira utembee wapitishie rola nyepesi siku ambayo grini ni kavu na haijaganda, utashangaa kelele zitakavyopungua, maana rola inarudisha mwendo bila kugusa jani.

Na ushahidi wa kuwaonyesha unao. Chukua kile kikata shimo chako, kesho wakati unahamisha shimo usirudishe kile kipande haraka, kipasue katikati kwa kisu uwaite hao wanaolalamika waje waone. Mizizi ikiwa inashuka kwenye mchanga myeupe kama nyuzi, uko salama. Ikiwa imeishia kidole kimoja halafu chini yake kuna tabaka jeusi, linuse, likinuka kama yai viza ujue maji yamesimama hapo, hewa haipiti, na mzizi hautashuka hata ufanyeje huko juu. Nimewahi kuwapasulia viongozi wa klabu kipande kama hicho wakiwa na viatu vyao vya mkutano, wakanusa mmoja mmoja, na suala la kukata chini halikurudi tena mwaka ule. (Hilo tabaka jeusi dawa yake iko kwenye swali la kutoboa, endelea kusoma.)

Mbolea je? Nataka uwanja uwe kijani hata msimu huu. – Kijani Daima

Naitrojeni punguza sana. Ukilazimisha ukijani unapata jani laini, lenye maji, na fangasi wanalipenda hilo jani kuliko kitu chochote, hasa yule anayeitwa Microdochium nivale ambaye watu wanamwita ukungu wa theluji ilhali hata theluji haitaji, unyevu na ubaridi vinamtosha. Kama lazima rangi iwepo tumia salfeti ya chuma kidogo, inatia kijani bila kusukuma majani. Na kila asubuhi pangusa umande kwa ufito mrefu au kwa kamba inayoburutwa na watu wawili, majani ya miti yaliyoanguka yatoe siku hiyo hiyo yasilale juu ya grini. Kupangusa umande kunaonekana kazi ndogo, mimi naiweka mbele ya chupa yoyote ya dawa.

Kwetu asubuhi kuna jalidi, ile barafu nyembamba nyeupe juu ya nyasi. Wachezaji wanafika saa moja asubuhi wanataka kuanza, mimi nawazuia wanasema nawaringia. Kweli kukanyaga mara moja tu kuna shida? – Mlinda Tii

Kuna shida, na nakujibu kama mtu aliyelipia. Miaka yangu ya mwanzo nilibanwa na kiongozi mmoja wa klabu, wageni wake walikuwa wanne tu, wametoka mbali, akasema wacha wapite grini mbili za mwanzo alafu jua litakuwa limeshatoka. Nikakubali. Saa tano hivi nikapita nikaona nyayo, yaani unaweza kuhesabu hatua za kila mtu, nyeusi kama zimechorwa kwa mkaa, kutoka ukingo wa grini mpaka kwenye bendera na kurudi, na pale waliposimama kusubiri zamu ni doa zima. Zile nyayo tulikaa nazo wiki na wiki, maana nyasi zilikuwa hazikui, na nyasi isiyokua haina namna ya kuponya jeraha.

Kinachotokea ni hiki, maji ndani ya jani yameganda, jani limekuwa kama kioo, mguu ukilikanyaga ule ukuta wa seli unapasuka na seli inakufa hapo hapo. Lisipoguswa linayeyuka taratibu na linaamka zima kabisa. Kwa hiyo subiri iyeyuke yenyewe, na usifungue uwanja kwa kuangalia shimo la kwanza tu, nenda kwenye grini yenye kivuli kuliko zote, ikiwa hiyo imeyeyuka ndo ufungue. Halafu kama grini moja kila siku inakuchelewesha, angalia upande jua linapochomoza, utakuta kuna mti umekaa hapo, na huu ndo msimu wa kupunguza matawi yake.

Kuna hali nyingine mbaya zaidi ambayo watu hawaijui, ni pale sentimita chache za juu zimeyeyuka zina tope ila chini bado kumeganda. Hapo uwanja unaonekana mzima, mchezaji akikanyaga ile tabaka ya juu inateleza juu ya ile iliyoganda na mizizi inakatika kama imekatwa kwa mkasi. Siku hiyo funga, au wapeleke kwenye grini za muda. Najua grini za muda hakuna anayezipenda, ila zitengeneze mapema, zikatwe na kusawazishwa kabla msimu haujaingia, siyo uende kuchimba shimo kwenye feawei, ile njia ndefu ya nyasi inayoelekea grini, asubuhi ile ile halafu utegemee watu wafurahi.

Wakikuambia unawaringia, waambie kule St Andrews, Scotland, Old Course yenyewe, uwanja wa gofu wa kale na maarufu, hufungwa Jumapili ili upumzike, na miezi ya baridi wachezaji wakiwa kwenye feawei wanapiga mpira wakiwa wameuweka kwenye mkeka mdogo wanaotembea nao. Kama mikeka ni ngumu kwenu, kuna kanuni ya uwanja inayoruhusu mchezaji kuinua mpira ulio kwenye feawei, kuusafisha na kuuweka pazuri karibu hapo, kamati itangaze rasmi tu.

Fundi, kamati imekubali tutoboe grini na kumwaga mchanga, wanasema tufanye katikati ya msimu wa baridi kwa sababu hakuna watu. Mchanga tunao wa mtoni, upo bure. Grini zetu zina kama mita za mraba 500 kila moja. Tunahitaji kiasi gani? – Katibu

Katibu asante, hili ndo swali nililokuwa nalisubiri, na nitakuudhi kwenye mambo mawili kabla sijakupa hesabu.

La kwanza wakati. Kutoboa kwa vyuma vyenye uwazi, vile vinavyong'oa kipande cha udongo, kunaacha kidonda, na kidonda kinahitaji nyasi inayokua ili kifunge. Fanya mwanzoni mwa msimu wa mapumziko wakati udongo bado una joto la kutosha, au mwishoni nyasi zikishaamka. Katikati ya baridi mashimo yatakaa wazi, kingo zitakauka, na fangasi wataingia humo humo. Katikati ya msimu mnaweza kutumia vyuma vigumu visivyotoa udongo, hivyo vinapitisha hewa na maji vinafunga vyenyewe bila makovu makubwa, na hata yule mwenye tabaka jeusi hapo juu aanzie na hivyo.

La pili mchanga. Wa bure wa mtoni uache kwanza. Chukua ule uliojengewa grini zenu, uweke kwenye chupa moja, wa mtoni uweke kwenye chupa nyingine, jaza maji, tikisa, ziache zitulie mpaka kesho. Wa mtoni mara nyingi utakuonyesha utando wa tope juu, na huo utando ndo utakaoziba vitundu vyote mlivyohangaika kutoboa. Hata ukiwa msafi, punje zikiwa tofauti sana na za zamani unapata tabaka juu ya tabaka, na maji yakifika pale tabaka zinapokutana yanasita, hayashuki. Zile grini zinazojengwa kwa mfumo wa USGA, chama cha gofu cha Marekani, uliotoka mwaka 1960, ni karibu sentimita 30 za mchanganyiko wa mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto, kitu kimepimwa chote hicho, sasa we ukija kumwaga chochote juu unakivuruga. Old Tom Morris, mchezaji na mtunza uwanja wa zamani aliyerudi St Andrews miaka ya 1860 kuutunza uwanja anakumbukwa mpaka leo kwa kupenda mchanga kwenye grini, lakini mchanga wake ulitoka hapo hapo pwani uwanja ulipokaa, ni ule ule nyasi zilimoota.

Sasa hesabu. Tuseme vyuma vina upana wa milimita 12, shimo na shimo vimeachana sentimita 5 kila upande. Kila shimo linachukua kama sentimita za mraba 1.1 kwenye eneo la sentimita za mraba 25, yaani karibu asilimia 4.5 ya grini. Mkienda chini sentimita 8 mashimo yanameza karibu lita 3.6 za mchanga kila mita ya mraba, na kwa mita 500 ni karibu mita za ujazo 1.8, hiyo ni tani 3 hivi za mchanga mkavu kwa grini moja, na bado hamjaweka wa kutandaza juu. Peleka hizo namba kwenye kamati kabla hamjakodi mashine, nimeona watu wametoboa grini zote halafu mchanga ukaishia ya tatu. Na lazima uwe mkavu. Wenye unyevu unakaa mdomoni mwa shimo tu, juu unaona pamejaa, chini pako wazi, na mvua ya kwanza grini inabonyea vidimbwi vidimbwi.

Mvua ikinyesha feawei ya 6 inakuwa ziwa, ikikatika siku mbili siuoni tena mpaka wa maji. Nianzie wapi? – Buti Refu

Anzia ndani ya mvua yenyewe. Vaa hilo buti, beba vigingi na nyundo, nenda upige vigingi kuzunguka ukingo wa dimbwi maji yakiwa yamesimama, alafu fuata yanakotaka kutokea uweke kigingi kingine. Siku ikikauka una ramani yako ardhini. Kabla hujachimba mtaro mpya tafuta midomo ya mitaro ya zamani, mara nyingi bomba lipo zima ila mdomo wake umezibwa na mizizi au tope, na ukiuzibua ziwa lote linaondoka. Ukichimba, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha, ujaze kokoto safi. Magari ya gofu yasipite hapo mpaka pakauke, udongo mbichi ukigandamizwa na tairi unakuwa kama tofali.

Na ukiwa na fimbo ya kupimia kina mkononi pitia mabanka, yale mashimo ya mchanga, mvua husukuma mchanga wote chini. Chini pawe na kama sentimita 10, kwenye ukuta 5, zaidi ya hapo mpira unazama.

Mabomba ya springla tuyaache na maji? – Fundi Bomba

Kama kwenu hakugandi, yaache, tumia msimu kutafuta yanayovuja na kusawazisha vichwa vya springla vilivyozama. Kama kunaganda, toa maji yote, maana yakiganda yanaongezeka ukubwa karibu asilimia 9 na bomba au vali inapasuka, na hutajua mpaka siku ya kuwasha. Yanayobaki yapulizwe na kompresa kubwa yenye hewa nyingi lakini presha ndogo, kanda moja baada ya nyingine, ikianza kutoa mvuke tu ifunge uhamie nyingine. Usiinamie kichwa cha springla hewa ikiwa ndani, kinaweza kuruka kikakupiga usoni.

Mashine zioshwe tu zifunikwe? – Stoo

Zioshe, zikauke, kisha visu. Geuza mzunguko wa silinda yenye visu, paka dawa ya kusagia, isage dhidi ya kisu cha chini, halafu jaribu kwa ukanda wa gazeti urefu wote wa kisu, ukatike safi kila sehemu bila kukunjwa. Kisu butu kinararua ncha ya jani, na ncha iliyoraruka inageuka kahawia. Mafuta ya injini badilisha sasa, usingoje msimu, ya zamani yana asidi inayokula vyuma ikiwa imelala. Petroli itoe, betri ichomoe.

Nitajuaje wakati wa kuanza kushusha kisu cha mashine tena? – Mkata Nyasi Mpya (tena)

Karibu tena mwanangu. Usiangalie rangi, jani linaweza kuwa kijani kwa siku mbili za joto halafu baridi ikarudi. Rudi kwenye kikata shimo, toa kipande grini tatu tofauti, mojawapo iwe ile ya kivulini. Ukiona mizizi mipya myeupe inatoka, na mashine imepata majani ya kukata siku mbili mfululizo, shusha robo milimita, kaa siku kadhaa, angalia, shusha nyingine. Na kila ukikata usitoe zaidi ya theluthi ya jani. Ile ya kivulini ikichelewa wiki mbili nyuma ya wenzake, iache ichelewe.