Kikundi chetu cha presha, na zile dakika tano za kunyamaza

Dada, umeuliza kama kikundi cha wanawake wa kijijini kinaweza kusaidia chochote kwenye presha na msongo wa mawazo, au mtaishia kupiga soga tu. Nakujibu kwa tuliyoyapitia sisi.

Tulianza wanane, wote vibarua wa shamba, na mashine moja ya presha tuliyoichangia. Mwezi wa kwanza tuliboronga. Mtu anafika anahema, anapimwa huku anaongea, mkanda umefungwa juu ya sweta. Mmoja akasoma 170/100, akalia palepale. Mwenzake kwa huruma akampa vidonge vyake mwenyewe! Bahati nzuri, alimuuliza nesi kabla hajameza. Dawa za presha hazigawanwi: zipo zinazombana mwenye pumu, zipo zisizofaa kabisa kwa mjamzito.

Nesi ndiye aliyetunyoosha. Kojoa kwanza, kaa kimya dakika tano, egemea, nyayo chini bila kukunja nne, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, katikati pitisha dakika moja. Yule wa 170 akarudia hivyo, akapata 146/92. Bado iko juu, maana ikifika 140/90 siku tofauti unatakiwa kliniki, ila si ya kulilia.

Kilichonishangaza ni hizo dakika tano. Wengi wetu hatukuwa na dakika tano kutwa nzima bila kuitwa na mtu. Unamwona mwenzio mabega yanashuka, na mashine ikishamaliza kupumua ndipo anasema, "Tangu mama augue sijalala." Huyohuyo wiki iliyopita tulimuuliza kama ana msongo, akajibu yuko sawa tu.

Sasa mtu kama huyo ukimwambia apunguze mawazo, unamtukana. Tulichofanya ni kupeana zamu za kukaa na mama yake, siku mbili kwa wiki, naye akarudi kliniki. Vidonge alikuwa ameviacha kwa sababu anajisikia vizuri. Presha haiumi, ndiyo ubaya wake.

Aliyewahi kupata presha ya mimba naye amwambie nesi, hata kama iliisha baada ya kujifungua, kwa sababu hatari ya moyo inabaki kubwa miaka ya mbele. Na kifua kikibana, au pumzi zikikata ghafla na kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo, msisubiri siku ya kikao. Mwenye chombo cha usafiri mpatane naye mapema, namba yake kila mtu awe nayo.

Tumebaki sita. Wawili waliondoka siku maneno ya ndani yalipofika nje, tukawafuata nyumbani kuomba radhi, hawakurudi. Siku hizi kila mmoja anakaa na daftari lake la vipimo, na la kikundi tumelichoma.