Mnada wa Jodari Tokyo: Niende Tsukiji au Toyosu?

SWALI: Mhariri, assalaam alaikum. Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Likoni, Mombasa, na majaaliwa nitapita Tokyo kwa shughuli za kifamilia. Natamani sana kuona mnada wa jodari, lakini wengine wananielekeza Tsukiji na wengine Toyosu. Lipi ndilo soko lenyewe? Na je, wenzetu huko hupatana bei?

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu msomaji. Nenda Toyosu. Soko la jumla la Tsukiji, lililofunguliwa mwaka 1935, lilifungwa Oktoba 2018 na mnada wake ukahamia Toyosu, mwendo wa kilomita 2 hivi, ndani ya majengo yaliyozibwa ili ubaridi usipotee.

Mnada huanza kama saa 11:30 alfajiri. Nafasi za kusimama karibu na uwanja wa mnada hutolewa kwa bahati nasibu, kwa maombi ya mapema kupitia intaneti. Ukiikosa, usivunjike moyo, kwani ipo roshani ya juu yenye vioo ambayo haihitaji maombi. Wewe uliye katika biashara hii utafaidi zaidi ukiwahi kabla kengele haijalia, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: jodari wamelazwa kwa safu, mikia imekatwa, na wanunuzi wanapita na tochi na kulabu ndogo, wakichokoa nyama kidogo pale palipokatwa na kuisugua kwa vidole ili wajue mafuta yake. Mnada ukishaanza, bei hutajwa kwa ishara za vidole, na samaki mmoja huuzwa kwa muda wa sekunde chache tu. Hakikisha kwanza siku yako si ya mapumziko, kwa kuwa soko hufungwa Jumapili na baadhi ya Jumatano.

Kwa kula na kununua rejareja, Tsukiji bado inafaa, kwa sababu vibanda vya soko lake la nje havikuhama. Fika asubuhi, kwani vingi hufungwa mapema mchana. Bei iliyoandikwa ndiyo bei, na kupatana si desturi yao; wala usimbonyeze samaki ili kupima ubichi wake kama tufanyavyo sisi, jambo ambalo huwaudhi sana wauzaji. Chukua fedha taslimu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ule palepale mbele ya kibanda ulichonunua badala ya kutembea ukila.

Iwapo unajihadhari na kileo, uliza kabla ya kuagiza. Samaki mbichi mwenyewe hana neno, lakini michuzi ya kupaka samaki wa kuchoma, na wakati mwingine hata wali wa sushi, hutiwa mirin, ambayo ni kileo kitamu cha mapishi kitokanacho na mchele.