Kabla ya kupima, hesabu siku za homa

Mtu akileta fomu ya kupima dengue dirishani kwangu maabara, swali la kwanza ninalomuuliza ni hili: homa ilianza lini? Wengi hujibu "siku kadhaa hivi." Wengine hununa kidogo, maana wameshahojiwa kwa daktari na hapa wamekuja kutolewa damu tu. Siwalaumu, foleni ni ndefu na mwili unauma. Ila kwenye magonjwa ya virusi, tarehe ya homa ni nusu ya kipimo.

Nieleze kwa nini. Mbu mwenye dengue akikuuma leo, kwa kawaida utaanza kuumwa baada ya siku 4 hadi 10. Homa inapopanda, kirusi kinakuwa kimejaa kwenye damu, na pamoja nacho protini yake moja inayoitwa NS1. Hiyo tunaweza kuiona tangu siku ya kwanza ya homa. Kufikia siku ya tano hivi huanza kupotea, kwa sababu mwili umeshaingia vitani na kutengeneza kingamwili. Kingamwili za mwanzo, IgM, huanza kuonekana siku ya nne au ya tano, kwa wengine zaidi ya hapo. Sasa fikiria mtu aliyekuja siku ya pili, akapimwa kingamwili peke yake. Ataandikiwa kwamba hana kitu, na atarudi nyumbani na dengue yake. Wa siku ya nane akipimwa NS1 peke yake, yanaweza kumkuta hayohayo. Kwa hiyo kabla hujalipia, uliza: hiki kinapima NS1, kingamwili, au vyote viwili?

Kipimo chenyewe ni kiplastiki kidogo chenye vidirisha. Tunadondosha damu, tunaongeza matone ya dawa yake, tunasubiri dakika 15 hadi 20 kutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Mstari wa C, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, usipotokea, kipimo kimeharibika na kinarudiwa. Mstari wa T, wa ugonjwa wenyewe, ukitokea, hata ukiwa hafifu kama umechorwa kwa penseli iliyoisha ncha, unahesabika, mradi umetokea ndani ya muda. Kilichotokea baada ya muda hakina maana. Ndiyo maana huwa nakataa mtu anapotaka kupiga picha kipimo kilichokaa mezani saa nzima.

Kwetu Dar es Salaam dengue ilitusumbua sana mwaka 2014, ikarudi kwa kishindo 2019. Hata hivyo bado watu wengi wana njia mbili tu za kuielewa homa: ni malaria, na kama si malaria basi ni UTI au taifodi. Mtu anapimwa malaria, hana, anapewa antibayotiki "za kutuliza." Antibayotiki haziui virusi, na dengue haina dawa ya kuiua. Tiba ni kunywa maji ya kutosha, kupumzika, na parasetamoli kwa ajili ya homa na maumivu, bila kuzidisha gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500.

Hapa nasisitiza kwa herufi kubwa za moyoni: usiende duka la dawa kununua diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini ukiwa na homa usiyoijua. Najua viungo vinauma mpaka machozi, na najua sindano ya diklofenaki inavyopendwa. Lakini dengue hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu.

Jambo jingine linalowapiga watu chenga ni siku homa inaposhuka. Familia inafurahi, mgonjwa anaacha kufuatiliwa. Kumbe kwa wachache, kati ya siku ya tatu na ya saba, homa inapoondoka ndipo maji ya damu huanza kuvuja kutoka kwenye mishipa. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, akihema haraka, akilegea au kuhangaika bila sababu, mkimbizeni hospitali hapohapo, hata kama ni usiku na hata kama mwili umepoa.

Na si kila homa ya kuvunja viungo ni dengue. Mlipuko wa Newala wa 1952 na 1953 ulifanana na dengue kiasi kwamba kwa macho usingeutofautisha. Ni maabara ndiyo iliyoonyesha kuwa ni kirusi kingine kabisa, chikungunya, ambacho mtafiti R. W. Ross alikitenga kutoka kwenye damu ya mgonjwa. Miaka michache kabla, 1947, watafiti wa Entebbe walikuwa wamekipata kirusi cha Zika kwenye damu ya nyani aliyewekwa msituni ili kugundua virusi vinavyozunguka humo, baada ya nyani huyo kupata homa. Vyote vitatu vinaenezwa na mbu yuleyule, Aedes aegypti, mwenye miguu ya madoadoa meupe, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotuama: matairi, vifuu, ndoo isiyofunikwa, kisahani cha chungu cha maua.

Kwa sababu anauma mchana, mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana pia, hasa siku tano za mwanzo. Mbu akimuuma wakati huo, baada ya siku kadhaa anaweza kuwaambukiza wengine wa nyumbani.

Suala hili la siku haliishii kwenye dengue. Mtu aliyekuwa kwenye hatari ya VVU wiki iliyopita, kipimo cha haraka cha leo hakiwezi kumtoa wasiwasi. Arudie baada ya miezi mitatu. Na kama hazijapita saa 72, asisubiri kipimo chochote, aende kituo cha afya aulizie dawa za kuzuia maambukizi.

Karatasi ya majibu ya dengue usiitupe. Aina za kirusi hiki ni nne, na kuugua aina moja hakukukingi na nyingine kwa muda mrefu. Mara ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kuwa kali, kwa hiyo ukishikwa na homa mwakani, mwambie daktari mapema kwamba ulishawahi kuugua, na umwonyeshe lini.