Safari buti: pima mguu kwanza, halafu uniulize

Barua za mara hii zimejaa swali lile lile: namba ya safari buti, zile buti fupi za ngozi za kufunga kamba. Nimelijibu mara nyingi, na leo nalijibu tena kwa kirefu kwa sababu najua miguu mingi inateseka bure. Atakayeniletea swali la namba baada ya leo bila kupima mguu wake, sitamjibu.

Swali: Fundi, kwenye raba navaa 42. Safari buti ninunue 42 au 43?

Sijui. Na wewe hujui, na muuzaji hajui, mpaka mguu upimwe. Tandika karatasi sakafuni iguse ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa ukutani, uzito wote mguuni, kisha mtu mwingine atie alama mbele ya kidole kilichowatangulia wenzake. Kwa wengi ni dole gumba, kwa wengine ni cha pili. Usijichoree mwenyewe, ukiinama mguu unasogea na kipimo kinaharibika. Pima jioni, maana mguu hujaa kadiri siku inavyokwenda, na uvae soksi zile utakazovalia buti. Pima miguu yote miwili. Watu wengi mguu mmoja umeuzidi mwenzake, na buti hununuliwa kwa ule mkubwa. Mdogo utauongezea soli ya ndani.

Sasa tuje kwenye hiyo 42. Namba ya Ulaya hutaja urefu wa kalibu, lile umbo ambalo ngozi huvutwa juu yake buti inapotengenezwa. Haitaji urefu wa mguu wako. Kila namba huongeza theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7, kwa hiyo kalibu ya 42 ina sentimita 28. Mguu wa sentimita 26.5 ukiingia humo unabaki na sentimita moja na nusu mbele, na nafasi hiyo unaihitaji, kwa sababu mguu hurefuka kidogo kila unapokanyaga. Namba za Uingereza zina hatua nyingine, theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5, ndiyo maana majedwali ya kulinganisha hizo mbili hayapatani kamwe. Juu ya hayo yote, kalibu moja ina pua iliyochongoka na nyingine ina pua ya duara. Iliyochongoka inakula nafasi yako yote ya mbele kabla vidole havijafika. Raba nayo ina sponji na kitambaa kinachonyumbuka, inakusamehe makosa ambayo ngozi haitakusamehe.

Urefu peke yake hautoshi. Shika fundo la dole gumba, pale unyayo unapokunjika ukitembea. Hapo ndipo penye upana mkubwa kuliko pote, na buti nayo ina mahali pamoja tu ilipoumbwa ikunjike. Sehemu hizo mbili zikutane. Watu wawili wanaweza kuwa na miguu ya urefu mmoja kabisa, huyu ana vidole virefu na uvungu (lile pango la chini ya unyayo) mfupi, yule ana vidole vifupi na uvungu mrefu, na buti moja isiwafae wote wawili. Mmarekani Charles Brannock aliliona hilo miaka ya 1920 alipounda kile chombo cha chuma cha kupimia miguu: kinapima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole, na tena kutoka kisigino hadi kwenye fundo. Karne nzima imepita na bado tunauliza namba peke yake.

Swali: Buti niliyojaribu inabana, lakini muuzaji kaniambia ngozi hupanuka. Niichukue?

Inabana wapi? Hilo ndilo ulipaswa kuniandikia.

Ikibana ubavuni kidogo tu, kama mkono wa mtu aliyekushika bila kukuumiza, ichukue. Ngozi itaachia kwa upana, na suedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini kama mahameli, isiyo na kitambaa cha ndani huachia zaidi na mapema. Ikigusa ncha za vidole, iache pale pale. Buti hairefuki. Pua yake ina kipande kigumu ndani na soli imeshonwa kwa urefu wake, hakuna kitakachosogea ila kucha zako.

Nasema kwa machungu. Jozi yangu ya kwanza ya safari buti niliuziwa kwa maneno hayo hayo, nami nikaamini. Nilivaa miezi miwili nikisubiri ipanuke. Ukucha wa dole gumba la kulia ulianza kuwa na doa jekundu, ukawa wa zambarau, mwishowe ukang'oka nilipokuwa navua soksi. Nilitoa soli ya ndani nikaiweka mwangani nione. Kisigino kimechapwa vizuri, fundo limechapwa, lakini alama ya dole gumba haikuwa duara. Ilikuwa imepanda juu ya ukingo wa soli, kwa vile kidole kilikuwa kinakanyaga ukuta wa buti. Tangu siku hiyo kila anayeniletea buti inayomuuma natoa kwanza soli ya ndani na kuisoma. Nawe fanya hivyo na kiatu chako cha zamani kabla ya kwenda dukani. Simama juu ya soli hiyo: nyama ya mguu ikimwagika nje pande zote mbili, ulikuwa unavaa kiatu chembamba miaka yote hiyo.

Swali: Nikifunga kamba za buti mpya, pande mbili za ngozi zinagusana kabisa. Ni sawa?

Irudishe leo. Buti mpya lazima ibaki na upenyo pale kwenye kamba, angalau upana wa kidole, kwa sababu ngozi ikilegea utahitaji pa kukazia. Yako imekwisha kabla haijaanza.

Swali: Kisigino changu kinapanda na kushuka ndani ya buti nikitembea. Niweke pamba?

Usiweke pamba. Buti mpya yenye soli ngumu huruhusu kisigino kipande kidogo, nusu sentimita hivi, na soli ikishazoea kukunjika hali hiyo hupungua. Ikizidi hapo, kalibu ina kisigino kipana kuliko chako. Kwanza kagua unavyofunga. Wengi huingiza mguu, wakakaza kamba wakiwa wamesimama, wakaondoka. Kaa, gonga kisigino chini mara mbili tatu kirudi nyuma kabisa, kisha ukaze ukianzia tundu la chini. Safari buti ina matundu mawili au matatu tu kila upande, kila moja lina kazi kubwa. Isipokubali hata hivyo, soli nyembamba ya ndani itauinua mguu ujaze nafasi. Ikishindikana, hiyo buti ni ya mtu mwingine.

Swali: Nitajuaje kama ngozi ni halisi? Nimeambiwa niichome kwa kiberiti.

Tafadhali msichome viatu vya watu madukani. Bonyeza kwa dole gumba: ngozi hujikunja kwa mikunjo midogo isiyolingana, plastiki huingia ndani kama shimo laini. Tazama ukingo uliokatwa, kwenye ulimi au pale juu ya kifundo. Ngozi ina nyuzi zilizosokotana ovyo, plastiki ina kitambaa kilichofumwa chini ya rangi. Harufu msiiamini, hupuliziwa.

Lakini swali lenye maana zaidi ni la ngozi ya aina gani. Ngozi ya ng'ombe ni nene, hupasuliwa matabaka. Tabaka la juu ndilo lenye nguvu, nyuzi zake zimebanana. La chini ni dhaifu zaidi, nalo pia huitwa ngozi halisi na si uongo. Wengine hulipaka plastiki juu ling'ae, na baada ya miezi kadhaa pale buti inapokunjika huanza kubabuka magamba. Kuna na ile inayotengenezwa kwa makombo ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Maandishi "ngozi halisi" yaliyogongwa kwenye soli hayakwambii lolote kuhusu hayo. Macho yako na dole gumba lako ndivyo vya kutegemea. Buti isiyong'aa, yenye alama ya kovu au mshipa wa mnyama, mimi huiamini kuliko ile iliyo laini kama kioo, kwa kuwa aliyeitengeneza hakuwa na cha kuficha.

Swali: Safari buti na buti za jangwani ni kitu kimoja?

Ni ndugu wa karibu. Safari buti ina asili kwenye veldskoen, viatu vya ngozi vya kusini mwa Afrika ambavyo jina lake kwa Kiafrikana ni viatu vya mbugani. Ile ya jangwani iliyopata jina duniani ilitolewa na Clarks, kampuni ya viatu ya Uingereza, mwaka 1950, baada ya Nathan Clark wa ukoo huo, aliyekuwa jeshini Burma, kuwaona maofisa wakivaa buti za suedi zilizotengenezwa Cairo, zenye soli ya krepu, yaani mpira laini wa asili.

Uliloacha kuuliza ni namna zinavyoshonwa, na hapo ndipo nataka wasomaji wangu wawe wakali. Safari buti ya asili, ngozi ya juu hukunjwa kwa nje, ikalazwa juu ya soli kama upindo wa nguo, ikashonwa kuzunguka buti nzima. Unauona uzi kwa macho. Buti ya namna hiyo ni nyepesi, inakunjika kirahisi, na soli ikiisha fundi anaweza kufumua na kushona nyingine. Siku hizi zipo nyingi zenye upindo wa bandia, uzi umechorwa tu au umepita kwenye mpira bila kugusa ngozi, na kinachoshika ni gundi. Kunja pua ya buti uangalie kama mshono unajivuta pamoja na ngozi. Kama haujivuti, umeona gundi.

Krepu ni laini na mguu huipenda, lakini sakafu ikilowa inateleza, na mafuta huilainisha ikawa kama ulimbo. Anayefanya kazi gereji au jikoni asiiguse.

Swali: Niloweke buti kwenye maji ya moto ili zilainike?

Hapana. Maji ya moto hukakamaza ngozi na kuachanisha gundi. Vaa nyumbani saa moja kila jioni kwa wiki moja, basi.

Swali: Nimejifungua mwaka jana na buti zangu zote hazinitoshi. Miguu itarudi?

Hongera, dada, na pole kwa buti. Uvimbe wa ujauzito ulishapungua zamani. Kilichobaki ni kwamba kano za unyayo hulegea wakati wa mimba, uvungu ukashuka na mguu ukarefuka, na kwa wanawake wengi haurudi. Usiulazimishe. Pima upya kana kwamba hujawahi kununua kiatu, na hizo za zamani mpe ndugu ambaye zitamkaa. Nawaambia na wengine: mguu wa mtu mzima hubadilika, kwa umri, kwa uzito, kwa kazi ya kusimama. Kipimo cha miaka kumi iliyopita si chako tena.

Swali: Baba ana kisukari na anataka safari buti za kuvaa kila siku. Nimnunulie za kushtukiza?

Usimshtukize. Nenda naye, na kabla ya kwenda waulizeni wanaomtibu waiangalie miguu yake. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua hisia za miguu, na mtu asiyehisi vizuri mara nyingi huchagua kiatu kinachobana kwa sababu ndicho pekee anachokihisi. Atakwambia "iko sawa, mwanangu" huku vidole vimekunjwa. Kwa hiyo usitegemee jibu lake, tegemea kipimo na mkono wako. Ingiza mkono mpaka puani mwa buti, upapase kila mshono. Mshono ukikwaruza kidole chako, utakwaruza na mguu wake. Kwake habari ya kuzoesha buti kwa maumivu haipo kabisa. Siku ya kwanza avae nusu saa akiwa amekaa na kutembea ndani, avue, umtazame unyayo, ubavu na katikati ya vidole. Wekundu usioondoka upesi maana yake buti hiyo haimfai, hata kama imekwisha lipiwa. Na kila asubuhi, kabla hajaingiza mguu, aikung'ute. Kijiwe ambacho wewe ungekitoa baada ya hatua tatu, yeye anaweza kutembea nacho mpaka jioni, na kwake lengelenge dogo huweza kugeuka kidonda kisichopona.

Nakuomba usiliahirishe hili. Kama zile anazovaa sasa hujawahi kuzipapasa kwa ndani, zipapase leo usiku.

Swali: Buti zangu zinanuka ingawa naosha miguu kila siku.

Unavaa jozi moja kila siku. Ngozi hunywa jasho mchana kutwa na usiku mmoja hautoshi kulikausha. Pata jozi ya pili, vaa kwa kupokezana, toa soli ya ndani usiku, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo. Usiziweke karibu na moto.

Swali: Fundi, namba 39 ya kike ni sawa na 39 ya kiume?

Urefu wa kalibu ni mmoja. Upana si mmoja, na kisigino cha kike kwa kawaida huchongwa chembamba. Mwanamke mwenye mguu mpana achukue ya kiume bila aibu, na mwanamume mwenye mguu mwembamba vivyo hivyo. Ila barua yako haina kipimo hata kimoja. Niandikie tena sentimita za miguu yote miwili, na useme ulipima asubuhi au jioni.